Maswali ya Wasomaji: Nina Askofu na Farasi, Mbona Mfalme Ananiponyoka?

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu kutoka Uyole. Jumamosi iliyopita nilicheza sataranji na jirani yangu hadi nikabaki na mfalme, askofu wa miraba myeupe na farasi, naye akabaki na mfalme peke yake. Nilimsukuma hadi pembe ya h8 mara tatu, na mara zote tatu akatoka. Ilipotimia hesabu ya hatua 50 alidai sare, nami sikuwa na la kumjibu. Je, ushindi huu upo kweli, au ni maneno ya vitabuni tu? — Msomaji, Mbeya.

JIBU: Ndugu yetu wa Uyole, ushindi upo, na kilichokuangusha ni pembe uliyoichagua. Askofu wako hutembea katika miraba myeupe tu, ilhali h8 (herufi ni safu wima, a hadi h; namba ni mstari, 1 hadi 8, kuanzia upande wa mweupe) ni mraba mweusi. Hawezi kamwe kumshambulia mfalme aliyesimama hapo, na kwa sababu hiyo huna namna ya kulazimisha ushindi katika pembe hiyo, hata ukikesha. Pembe zako ni a8 na h1. Anayejua hili hukimbilia pembe nyeusi kwa makusudi, kama alivyofanya jirani yako, wala usimlaumu kwa kuhesabu, kwa kuwa kanuni inamruhusu kudai sare pale kila upande unapokuwa umecheza hatua 50 bila kete kuliwa wala askari kusogezwa. Hatua hizo zinatosha: kama kete zako hazijanaswa tangu mwanzo, mchezo usio na kosa hauzidi hatua 33.

Usijione duni. Mwaka 2013, mjini Geneva, Anna Ushenina wa Ukraine, aliyekuwa bingwa wa dunia wa wanawake wakati huo, alibaki na kete hizi hizi dhidi ya Olga Girya wa Urusi. Hatua 50 zikaisha, mchezo ukawa sare.

Kazi yote, basi, ni kumhamisha mfalme kutoka pembe nyeusi hadi nyeupe, akipita ukingoni mwa ubao. Panga kete hivi: mfalme wako f6, farasi f7, askofu f5, na mfalme mweusi f8. Askofu aende h7, azibe g8, na mfalme mweusi hana njia ila e8. Hapa ndipo farasi anapaswa kuondoka f7 na kwenda e5, na hapa ndipo wengi wetu tunapoogopa, kwa sababu mfalme mweusi anaweza kukimbilia d8 na kuonekana ameshapata mwanya wa kwenda katikati. Mimi mwenyewe, nilipokuwa najifunza hapa Iringa, nilimrudisha farasi nyuma kwa woga jioni baada ya jioni. Usimrudishe. Mfalme wako aende e6. Mweusi akikimbilia c7, farasi aende d7. Akiendelea hadi b7 au c6, askofu ashuke d3. Sasa tazama ubao kwa utulivu: farasi anashika b6 na c5, askofu anashika a6 na b5, mfalme wako anashika d5 na d6. Uzio umefungwa. Aliyewahi kuswaga ndama aliyeingia shamba la viazi anajua kwamba hamkimbizi kwa nyuma tu. Mmoja husimama pembeni, kimya, pale ndama anapotaka kupenya.

Mweusi asipokimbia, akarudi f8, farasi aingie d7 kwa kumtishia, kisha mfalme wako asogee e6 na baadaye d6. Njia nzima ya farasi ni f7, e5, d7, c5, b7, mfano wa herufi W, nayo inastahili kukaririwa. Askofu na mfalme huziba mianya inayobaki.

Tahadhari ya mwisho ni pale pembeni penyewe. Tuseme mfalme wako yuko b6, askofu e6, farasi c5, na mfalme mweusi ameingia a8. Mkono utakuwasha kumpeleka farasi a6 mara moja. Ukifanya hivyo umeharibu kazi yote, maana mfalme mweusi hatakuwa ametishiwa wala hatakuwa na mraba wa kukanyaga, na hiyo ni sare. Mpeleke kwanza askofu d7, hatua ya kusubiri tu, ili mweusi alazimike kutoka kwenda b8; hapo farasi aende a6 kwa kumtishia, mweusi arudi a8, na askofu aingie c6. Mfalme ameshambuliwa, b8 imeshikwa na farasi, a7 na b7 zimeshikwa na mfalme wako, na mchezo umekwisha.