Jibu: Simu moja ifanye kila kitu au ninunue vifaa tofauti? (kazi ya madodoso vijijini)

Mkuu, nimekusoma. Umepata kazi ya udadisi wa kaya Rukwa, simu yako ni ya betri ya 5,000 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri), na unataka kuongeza pawabenki ya 30,000 umalize maneno. Mwenzako anakwambia nunua GPS, kinasa sauti, tochi na redio, kila kimoja peke yake. Nimezunguka na madodoso Rukwa na Katavi miaka kadhaa, mwanzo nikiwa mdadisi, siku hizi nasimamia timu, na sikubaliani na yeyote kati yenu kwa asilimia mia.

Kwamba simu inaweza kazi zote hizo hakuna anayebisha. Wewe jiulize hivi: ikizima saa kumi jioni mko kijijini, vitu gani vinazima nayo? Kwa wengi wetu cha kwanza ni pesa. Posho inaingia kwenye simu, bodaboda unamlipa kwa simu, chumba cha kulala wageni vilevile. Unaweza kuwa na laki mbili ukakosa nauli ya kutoka hapo. Kwa hiyo kabla ya hiyo pawabenki nunua kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Laini yako ya pesa iweke humo na ikae humo. Menyu ya M-Pesa, *150*00#, haihitaji data wala kioo kikubwa, betri ya 1,000 mAh inakaa siku kadhaa bila kuguswa, na tochi unayo juu. Wapo watakaokucheka mjini na kiswaswadu chako. Waache.

Sasa hiyo pawabenki. Namba iliyoandikwa mgongoni ni ya seli zilizomo ndani, zenye volti 3.7. Waya wa kawaida wa USB unatoa volti 5, kwa hiyo umeme lazima upandishwe kwanza, na kupandisha huko kunakula chaji na kutoa joto. Ndiyo maana mimi nahesabu kwa wati-saa, yaani chaji mara volti. Ya 10,000 mAh, yaani Ah 10, mara volti 3.7 ni wati-saa 37. Simu yako ina kama wati-saa 19. Kwenye karatasi unaijaza karibu mara mbili, lakini ukitoa kinachopotea njiani unabaki na mara moja na nusu hivi. Hapo tunazungumzia pawabenki isiyodanganya.

Na zinazodanganya zimejaa. Utaonyeshwa iliyoandikwa 50,000, inaingia kwenye mfuko wa shati. Kabla hujatoa hela, omba mizani ya duka. Seli ya duara ya 18650, ambayo hutumika sana humo, ina gramu 45 hadi 48, na hata zile nzuri unazozikuta kwa wingi ni za 3,500 mAh hivi. Kwa hiyo 10,000 ya kweli inahitaji seli tatu au nne, na pamoja na kasha lake nyingi zinacheza kati ya gramu 180 na 250. Za seli bapa nazo haziachani mbali na hapo. Ya 50,000 yenye gramu 150 ni fotokopi, hata ibandikwe jina gani.

Halafu umesema utatoka Dar kwa ndege hadi Songwe. Pawabenki haikai kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege, ni begi la mkononi tu, na ikizidi wati-saa 100 unahitaji idhini ya shirika la ndege. Ya 30,000, kama kweli ni 30,000, ina wati-saa 111. Chukua mbili za 10,000. Moja ukiiacha kwenye kibanda cha kuchajia cha sola, ulipe 300 au 500 yao, nyingine unayo begini na kazi inaendelea. Ukiwa na kubwa moja, siku inapochajiwa huna kitu.

GPS ya mkononi usinunue. Kishikwambi mtakachopewa kina GPS, na hata simu yako mahali pa wazi inakupa nukta ndani ya mita 5 hivi, inatosha kabisa kwa mlango wa kaya. GPS ndogo ya Garmin ya betri mbili za AA inakwenda zaidi ya saa 20 na haiogopi mvua, nayo inamfaa anayetembea na mipaka ya msitu kutwa nzima. Wewe unatembea nyumba hadi nyumba. Ila jua jambo moja: wengi wanadhani GPS ndiyo inayomaliza chaji, kumbe mara nyingi ni kioo, na simu kuhangaika kutafuta mnara. Mkiwa nyuma ya vilima ambako mtandao unakuja na kupotea, simu inaongeza nguvu ya kurusha mawimbi muda wote. Weka hali ya ndege (airplane mode). Kwenye simu nyingi GPS inaendelea kusoma, maana inapokea tu kutoka kwenye setilaiti.

Kinasa sauti nunua kama mradi wenu una mahojiano marefu ya kurekodi. Kwenye simu nyingi, ikiingia tu simu ya shemeji rekodi inakatika, na mzee aliyekuwa anasimulia vizuri hatarudia vilevile. Hivi vidogo vya AAA vinarekodi makumi ya saa. Tena AA na AAA unazipata hata duka la kijiji lenye sukari na viberiti tu, wakati umeme wa kuchajia simu unaufuata kwenye foleni.

Taa ya kichwani, ndiyo, ya betri hizohizo. Choo cha nje usiku na simu mkononi, wadau wanajua mwisho wake. Kamera, hapana. Redio ni starehe yako, ingawa zile ndogo za sokoni zinazotumia betri ya BL-5C ya Nokia za zamani ni rahisi na betri inachomoka, unabeba ya akiba.

Ukinunua sola ya kukunja, chaji nayo pawabenki, siyo simu, na pawabenki yenyewe ikae kivulini chini ya begi. Betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi joto 45, na juani kwenye keria ya bodaboda unafika hapo upesi.

Ukishapangiwa wilaya niandikie hapahapa. Kama ni Nkasi upande wa ziwani, mtapanda mitumbwi, na habari ya kufunga vifaa visilowe nitakueleza peke yake.