Kwa mdogo wangu unayeanza kuongoza wapiga mbizi Mafia

Kaskazi ikianza kuvuma, vijana wapya huja Utende kutafuta kazi kwenye hoteli za wapiga mbizi. Wengi wametoka Jibondo, Juani na Chole, wamechokoa pweza tangu utotoni, na kwa kuogelea wanawazidi wageni watakaowaongoza. Huo ni mtaji mkubwa, ila kazi hii inadai zaidi. Usalama wa mgeni kwa sehemu kubwa huamuliwa kabla hajalowa. Mbizi nzuri hutengenezwa nchi kavu na botini.

Anza na maji. Katika Ghuba ya Chole kalenda yako ni mwezi. Ukiandama na ukiwa mpevu tuna bamvua, na maji hupita Mlango wa Kinasi, upenyo unaounganisha ghuba na bahari kuu, kwa nguvu za kutisha. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, na mkondo hupoa. Kinasi huzamiwa maji yanapojaa. Wakati huo bahari kuu inaingiza maji safi, unaona mbali, na mtu akichukuliwa na mkondo analetwa ndani ya ghuba. Yakianza kupwa mambo yanageuka: maji ya ghuba hutoka yamevurugika, na mpiga mbizi anasukumwa kuelekea bahari kuu. Kwa hiyo saa ya kung'oa nanga haipangwi na kifungua kinywa. Mgeni akichelewa kuamka, usiisogeze mbele mbizi ya Kinasi. Mpeleke mahali pengine ndani ya ghuba, hata kama meneja amekunja uso. Jedwali la maji lisome kila siku, kisha muulize nahodha. Aliyekulia kwenye mkondo ule huona usoni mwa maji mambo ambayo jedwali haliyasemi.

Vifaa navyo vina macho yake. Mgeni ameshavaa, amekaa ukingoni mwa boti, ana hamu ya kushuka. Mwambie aweke regileta, kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi, mdomoni avute pumzi kadhaa, na wewe tazama geji yake, saa inayopima shinikizo la hewa mtungini. Mshale ukitulia kwenye bar 200, vizuri. Ukicheza, ukashuka anapovuta na kurudi anapoacha kuvuta, valvu ya mtungi haijafunguliwa sawasawa. Hapo juu hatahisi lolote. Akifika mita 15, kila pumzi inataka hewa mara mbili na nusu ya ile ya juu, na upenyo ule mdogo hautamtosha. Ni jambo la kukaguliwa kwa nusu dakika, na nawasihi wote wanaoanza: msiliache hata kwa mgeni mwenye vyeti vya kila rangi. Kwenye kompresa, mashine ya kujaza mitungi hewa, hakikisha mdomo wa kuvutia hewa uko mbali na moshi wa injini yoyote. Mtungi ukinuka mafuta au moshi, usipakiwe botini.

Sasa mgeni mwenyewe. Kuuliza kama ana cheti hakutoshi, maana cheti cha kuzamia hakiishi muda hata kama mwenye nacho hajagusa maji kwa miaka. Uliza alizama mara ya mwisho lini na katika maji gani. Aliyefundishwa ziwani, au aliyekaa muda mrefu bila kuzama, aanzie kwenye mchanga, maji machache, mpaka umwone anaelea bila kupapatika na anavuta hewa taratibu. Mwenye mafua abaki juu, awe bosi au daktari. Masikio hayajui cheo. Botini, anayechekacheka kupita kiasi na aliyenyamaza ghafla ndio wa kukaa nao karibu, kwani hofu huja kwa sura hizo zote mbili.

Chini ya maji sheria ni chache na utazifundishwa darasani: pumzi isizuiwe kamwe, kupanda kuwe polepole, dakika 3 za kusubiri kwenye mita 5. Warudie wageni botini kwamba dole gumba likielekea juu maana yake ni tupande. Mgeni anayelitoa kwa furaha baada ya kumwona kasa anaweza kupandisha kundi zima.

Kuhusu matumbawe nitakuwa mkali. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, na miaka 3 baadaye joto la mwaka 1998 likapausha na kuua matumbawe mengi. Unachokiona leo kimejijenga upya kwa miaka mingi, na pezi moja la mgeni asiyejua kuelea hukivunja kwa sekunde. Mpunguzie risasi za mkandani, vile vipande vya kumzamisha, kama zimezidi, umpandishe aelee mbali na mwamba, na akiendelea kugusa, mbizi inayofuata apelekwe kwenye mchanga. Kumchukiza mgeni mmoja ni nafuu. Tena usimwahidi mtu papa potwe. Huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi upande wa Kilindoni, tunamwendea bila mitungi na bila kumgusa, na zipo siku haonekani.

Limebaki la ndege. Aliyezama siku kadhaa mfululizo asipande ndege kabla ya muda wa saa 18 kupita tangu mbizi ya mwisho, kwa sababu naitrojeni iliyoingia mwilini inahitaji muda kutoka. Wapo watakaokuambia kindege cha Mafia kinaruka chini. Jioni hiyohiyo wanaunganisha Dar es Salaam kwenda Ulaya, na ndege hiyo hairuki chini. Usingoje kubishana na mgeni asubuhi ya mwisho. Siku anayofika, muulize saa ya ndege yake, andika kwenye ratiba siku anayoacha kuzama, na umpangie kabisa safari ya magofu ya Kua kule Juani na popo wa Chole. Akiiona imeandikwa tangu mwanzo, hatakuomba mbizi moja ya kuagia.