BMX ya mbio: jifunze matuta kabla ya kuruka

Anayeanza BMX ya mbio, yaani mashindano ya baiskeli ndogo kwenye njia ya matuta, huja na tamaa mbili: kukanyaga pedali muda wote na kuruka juu. Zote mbili humchelewesha. Njia ya mbio ina mita 300 hadi 400 tu, imejaa matuta na kona, na geti la kuanzia huachia waendeshaji wanane kwa mpigo. Pedali zinafanya kazi kwenye mteremko wa kuanzia na vipande vichache vilivyonyooka. Kwingine kote kasi inatokana na jinsi mwili unavyojikunja na kujinyoosha.

Baiskeli kwanza. Tairi za inchi 20, breki ya nyuma peke yake, siti imeshushwa chini kabisa kwa sababu hakuna atakayeikalia. Gia ya meno 44 mbele na 16 nyuma inamfaa mtu mzima anayeanza. Pedali ikizunguka mara moja unasogea mita 4 na kidogo. Mnyororo usining'inie: ukiubonyeza katikati ucheze kama sentimita moja, ukilegea zaidi utachomoka wakati ule ule unapokanyaga kwa nguvu. Baiskeli nyingi za mtaani zinazoitwa BMX zina stendi na vyuma vya kusimamia kwenye ekseli. Ng'oa vyote, vinachana miguu ya wenzako. Helmeti iwe ya kufunika hadi kidevu, na uvae glavu, mikono mirefu na suruali ndefu.

Msimamo wa msingi ni kusimama juu ya pedali zikiwa usawa, magoti na viwiko vimekunjwa kidogo, viwiko vimetanuka nje, macho mita kadhaa mbele. Ukitazama tairi lako umeshachelewa.

Sasa matuta, na hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Tairi la mbele linapopanda tuta, kunja mikono ulipokee. Likianza kushuka upande wa pili, linyooshee mikono ulisukume chini. Miguu inafanya vivyo hivyo kwa tairi la nyuma, mara tu baadaye. Kichwa kibaki kimo kile kile, baiskeli ndiyo ipande na kushuka. Kosa la karibu kila mtu ni kusukuma kwenye kupanda: hapo unajipiga breki mwenyewe. Zoezi: ingia kwenye mstari wa matuta kwa mwendo wa wastani, usikanyage pedali hata mara moja, hesabu umevuka mangapi. Kesho ongeza moja.

Kona zenye ukuta wa udongo hazitaki ujasiri mwingi kama watu wanavyodhani. Breki ushike kabla ya kuingia, si ndani yake. Ingia juu, toka chini, laza baiskeli, macho yatangulie kwenye njia ya kutokea. Kona bapa isiyo na ukuta ni nyingine kabisa: pedali ya nje iwe chini na uikandamize, la sivyo tairi litateleza.

Geti linataka utulivu. Nyumbani, egemeza tairi la mbele ukutani, weka miguu yote miwili kwenye pedali, pedali ya mbele juu kidogo ya usawa, ikandamize polepole na ukae sekunde 10 bila kugusa chini. Uwanjani, baada ya tangazo kunakuwa na kimya kisichotabirika, kisha milio minne na taa: nyekundu, njano mbili, kijani. Geti huanguka kwenye kijani, lakini mwili uanze kusogea kwenye mlio wa kwanza, kiuno kikienda mbele kuelekea usukani. Ukivuta usukani huku umebaki nyuma, tairi la mbele litanyanyuka na wenzako watakuwa wameshapita.

Kuruka kuje mwisho, kwenye tuta lenye mgongo bapa, maana ukipungukiwa utatua juu yake badala ya kwenye shimo kati ya matuta mawili. Jikunje kabla ya ukingo, jinyooshe ukiuacha, tua kwenye mteremko wa kushukia. Breki usiiguse ukiwa hewani: tairi la nyuma likisimama ghafla, baiskeli huinamia mbele.