Maswali yenu: bangili ya shanga iuzwe bei gani?

SWALI: Habari dada, mi niko Kajiado, mamangu anashona shanga tangu tukiwa wadogo na ndio zilitulipia karo. Kuna broka anakuja kwetu kuchukua bangili, analipa 100 kila moja, juzi nikiwa Nairobi nikaona bangili kama zile zile kwa duka ni 800. Nikimwambia mama apandishe anasema broka atahamia boma lingine. Tufanyeje?

JIBU: Asante kwa kuandika, na umsalimie mama sana. Hiyo kazi yake ni sanaa kamili na ndio naanzia hapo, maana huyo broka analipa kama ananunua shanga na waya tu, mikono anapewa bure. Angalia tu ule mkufu mpana wa duara wa kina mama wa Kimaasai, shanga zinapitishwa kwa waya mwembamba mstari kwa mstari, halafu mistari inashikwa na vipande vilivyotobolewa, zamani vya ngozi ya ng'ombe siku hizi wengi wanakata plastiki ya jerikeni, na tundu moja likikaa vibaya duara lote linapinda. Na rangi haziwekwi ovyo, mama anajua nyekundu itenganishwe na gani ndio ionekane kutoka mbali. Hakuna mtu alimchorea, yote iko kichwani.

Sasa bei. Mwambie apime kwa saa ya simu bangili moja inamchukua muda gani. Tuseme shanga na waya ni 60 na anakaa nayo saa 3, hata akijilipa 60 tu kwa kila saa, hiyo ni 180, jumla 240 na bado hujaweka nauli ya kwenda kununua shanga. Broka akitoa 100 anambakishia 40 kwa saa 3, inauma kweli. Ile 800 ya duka usiihesabu yote, wanalipa kodi ya nyumba na wafanyakazi na kuna mali inakaa hapo miezi bila mtu kuiuliza, lakini kati ya 100 na 800 nafasi ni kubwa mno.

Kuhusu kuhama, mama ana haki ya kuogopa, akipandisha peke yake broka ataenda kwa jirani. Kwa hivyo kina mama wakae pamoja wakubaliane bei ya chini kabisa, broka akihama akute huko pia ni hiyo hiyo. Kama hawana chama waanzishe na wakisajili. Pia waulize ofisi ya utamaduni ya kaunti kuhusu mradi wa serikali unaoitwa Ushanga Kenya, ulianza 2017 kwa ajili ya kina mama wa kaunti za wafugaji, na Kajiado imo. Na wewe mwenye simu piga picha nje kwa mwanga wa asubuhi, weka mtandaoni, na oda kubwa usiiguse kabla ya kupokea nusu ya pesa.

SWALI: Wale simba na twiga wa waya waliovikwa shanga ni ufundi wa wapi, na naweza kujifunza nikiwa Mombasa? Mimi ni kijana sina kazi.

JIBU: Hao sana sana ni ufundi wa Zimbabwe na Afrika Kusini, vijana wengi wa Zimbabwe wamejenga maisha kwa kuwauza kwa taa za barabarani Cape Town na Johannesburg. Wazulu nao wana vikapu vya waya za simu za rangi, walinzi wa usiku walianza kwa kuzungushia waya hizo kwenye fimbo zao. Unaweza kabisa, kama utotoni ulitengeneza gari la waya mkono tayari unajua kukunja. Unaunda umbo kwanza kwa waya mnene, kisha unatunga shanga kwa waya mwembamba na kuzungusha mstari baada ya mstari bila kuacha pengo. Anza na kitu kidogo kama samaki au mjusi. Na kwa vile uko Pwani nunua waya uliopakwa zinki (galvanized) usioshika kutu haraka, huu wa kawaida chumvi ya hewa itaula na kastoma atakurudishia.