Praktiko ya kemia: andika ulichokiona, si ulichoambiwa bwenini

Kwenye mock ya mkoa, nikiwa kidato cha nne, niliandika kwamba nimeona mashapo ya njano, yaani chembe ngumu zinazojitokeza ndani ya kimiminika. Hayakuwepo. Asubuhi ile bwenini ilikuwa imeshasambaa kwamba chumvi tutakayopewa kuitambua ni ya risasi, ile metali (lead), kwa sababu kuna mtu alichungulia dirisha la maabara akaona chupa ya potasiamu ayodaidi. Kwa aliyekariri, potasiamu ayodaidi na risasi ni chanda na pete: zikikutana, mashapo ya njano. Nikaingia chumba cha mtihani na jibu mfukoni.

Chumvi yenyewe ilikuwa unga mweupe. Niliupasha moto, gesi yake ikageuza maji ya chokaa kuwa kama maziwa, nikajipongeza: kaboneti. Mabaki yakawa ya njano yakiwa bado ya moto, yalipopoa yakawa meupe. Mabaki ya risasi hayawi hivyo. Yakiwa ya moto yana wekundu wa udongo, yakipoa ndiyo yanakuwa njano. Hii ya njano kwenye moto na nyeupe kwenye baridi ni zinki, na nilikuwa naijua tangu kidato cha tatu. Nikaandika "njano yakipoa". Nikadondosha amonia, mashapo meupe yakatokea. Nikaongeza, yakayeyuka yote, kama ya zinki; ya risasi hayayeyuki. Nikajiambia nimekosea kipimo, nikaandika hayakuyeyuka. Mwisho nikatia potasiamu ayodaidi, hakuna kilichotokea, nami nikaandika mashapo ya njano. Karatasi iliporudi, pembeni ya mstari ule mwalimu alikuwa ameandika neno moja kwa wino mwekundu: "Wapi?"

Nimeshasahihisha praktiko nyingi tangu hapo, na wanafunzi wanaoanguka kwa sababu hawajui kemia si wengi kama tunavyodhani. Wengi wanaanguka kama nilivyoanguka mimi. Jaribio linawaambia jambo, wao wanalibishia.

Chanzo kingine cha kuanguka kwangu kilikuwa mwandiko mzuri. Shuleni kwetu bureti moja, ule mrija mrefu wa kupimia wenye bomba chini, ilikuwa ya watu watano au sita. Kwenye kila kundi kuna mmoja jasiri anayeshika vifaa, wawili wanaomwelekeza, na mwandishi. Mimi nilikuwa mwandishi kwa miaka miwili. Nilifika kidato cha nne sijawahi kufungua bomba la bureti kwa mkono wangu, ila jedwali zuri la titresheni (kudondosha asidi kwenye alkali mpaka rangi igeuke) katika daftari la kila mwanakundi lilinakiliwa kwangu. Kama wewe ndiye mwandishi wa kundi lako, wiki hii gawa hiyo kalamu.

Na usingoje kemikali. Baada ya ile mock nilimwomba fundi sanifu wa maabara aniruhusu kuingia jioni, akakubali kwa sharti kwamba nitatumia maji tu na nitaosha kila nilichogusa. Kumbe maji yanatosha. Unajifunza kujaza bureti na kutoa kiputo cha hewa kilichojificha kwenye ncha. Unajifunza kuondoa faneli kabla ya kusoma, maana ikibaki itadondosha tone wakati umeshaandika. Unajifunza kusoma jicho likiwa usawa wa uso wa maji, pale chini kabisa ya mkunjo wake. Kazi iliyonichukua siku nyingi ni kutoa tone moja tu, kisha nusu tone linaloning'inia, ulifute kwenye ukuta wa flaski na kulisukuma kwa maji. Tone moja ni kama 0.05 cm³, na hapo ndipo rangi inapogeukia.

Kuhusu kusuuza, watu wanachanganya sana. Bureti suuza kwa kile kitakachokaa ndani yake, pipeti (mrija wa kufyonzea kiasi kimoja maalumu) vivyo hivyo. Flaski suuza kwa maji yaliyotoneshwa peke yake. Ukiisuuza kwa alkali, umeongeza alkali ambayo hukuipima, na namba zako zote zitapanda bila wewe kujua kwa nini. Pipeti ikimaliza kumwaga, gusisha ncha kwenye ukuta wa flaski uiache. Lile tone linalobaki usilipulize, limeshahesabiwa. Na kama shule yenu bado inafyonza pipeti kwa mdomo, ncha isitoke kwenye kimiminika hata kidogo wakati unafyonza. Mimi nimeionja sodiamu haidroksaidi. Ulimi unakuwa na utelezi kama sabuni, na chai ya siku mbili haina ladha.

Kwenye wastani, usiingize lile jaribio la kwanza la kubahatisha. Tuseme la kwanza lilikupa 24.90 cm³ za asidi, yaliyofuata 24.60, 24.50 na 24.70. Wastani ni 24.60. Ukiliingiza la kwanza unapata 24.675, na msahihishaji anajua mara moja ulichofanya. Andika desimali mbili hata kama ya mwisho ni sifuri.

Halafu uwiano. Asidi haidrokloriki ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) ikitumika 24.60 cm³ dhidi ya 25 cm³ za sodiamu haidroksaidi, jibu ni 0.0984 M. Weka sodiamu kaboneti badala yake na jibu ni nusu ya hapo, 0.0492 M, kwa sababu molekuli moja ya kaboneti inakula mbili za asidi. Andika mlinganyo uusawazishe kwanza, ndipo ushike kikokotozi. Kwa kaboneti hiyo tumia kiashiria cha rangi cha MO (methyl orange). POP (phenolphthalein) itapoteza rangi ukiwa nusu ya njia.

Kupika majibu sikushauri, na sababu yangu ni ya kivivu. Mwalimu amefanya jaribio hilohilo kwa kemikali hizohizo kabla yenu, na 25.00, 25.00, 25.00 inanuka toka mlangoni.

Kwenye chumvi, kosa linalonikera kuliko yote ni kumimina. Swali linasema dondosha amonia kidogo kidogo, kisha zidisha. Mtoto anamimina nusu ya testi tyubu kwa mara moja, mashapo ya zinki yanatokea na kuyeyuka kabla hajapepesa macho, naye anaandika hakuna badiliko. Dondosha, tikisa, tazama, andika. Kisha ndipo uzidishe. Na usimalize chumvi yote kwenye jaribio la kwanza. Gawa mapema, acha akiba ya kurudia.

Kuna kosa jingine ambalo nadhani ni letu sisi tunaofikiri kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Nyumbani tunasema maji meupe, tukimaanisha maji safi yasiyo na kitu. Mwanafunzi anatazama myeyusho usio na rangi, moyoni anasema meupe, mkono unaandika white. Alama imekwenda. Nyeupe ni maziwa, ni chokaa, ni mashapo. Myeyusho unaopenya mwanga bila rangi ni colourless. Jifunze pia kutofautisha mashapo ya kijani chafu ya chuma cha pili, iron(II), na ya kahawia yenye wekundu ya chuma cha tatu, iron(III), na ujue kwamba ile ya kijani ikikaa hewani hugeuka kahawia juu. Kwa hiyo iandike mapema, kabla haijakubadilikia.

Mtihani wa taifa ulipofika, asubuhi fununu zilikuwepo tena bwenini, safari hii walisema ni shaba. Niliingia nikaona unga mweupe tena. Nikachukua kijiko kidogo tu, nikawasha kichomeo, na kalamu nikaiweka mbali na mkono wangu mpaka mabaki yalipopoa kabisa.