Maswali ya Wasomaji: Mguu wa Kiti Wenye Umbo la Kuti

SWALI: Mhariri, mimi ni seremala wa Tanga na hutengeneza samani kwa mkono. Mwaka huu niliunda viti 4 vya mninga, nikaikata miguu yake kwa msumeno ili ifuate mpindo wa kuti la mnazi lililoinama. Viti vilisifiwa sana, lakini kabla ya miezi 3 kwisha miguu 2 ilikatika palepale penye mpindo, ingawa mbao zilikuwa nzima na kavu. Je, maumbo ya mimea yanaweza kubeba uzito, au tuyaache yawe nakshi tu?

JIBU: Ndugu fundi, umbo ulilolichagua ni zuri na linaweza kubeba mtu, kilichoiponza miguu yako ni msumeno. Kuti linapoinama, nyuzi zake huinama pamoja nalo tangu shinani hadi nchani, kwa hiyo uzito hupita ndani ya nyuzi zisizokatika. Ubao uliopasuliwa una nyuzi zilizonyooka, na ukiukata kwa mpindo mkali, nyuzi hizo hubaki vipande vifupi vilivyoshikana kwa ubavu tu, na kila aliyewahi kupasua kuni anajua jinsi mbao inavyoachana upesi upande huo.

Waundaji wa majahazi wa pwani yetu hulikwepa tatizo hili kwa kuchagua, kwa ajili ya mataruma, yaani mbavu za chombo, miti na matawi yaliyoota yakiwa yamepinda. Nawe tafuta tawi la namna hiyo kabla halijawa kuni, ulikaushe polepole kivulini.

Njia ya pili ni mvuke. Michael Thonet, fundi Mjerumani aliyefanya kazi Vienna, alitoa kiti chake nambari 14 mwaka 1859 kwa kupinda fito za mbao zilizolainishwa kwa mvuke. Kadirio la mafundi ni saa 1 ya mvuke kwa kila inchi 1 ya unene, na mbao iliyokaushwa kwa hewa hupindika vizuri kuliko iliyotoka kwenye tanuri. Funga ukanda wa chuma upande wa nje wa mpindo, kwani mbao iliyolainika hukubali kubanwa lakini hukataa kuvutwa. Thonet aliutumia ukanda huo, na bila huo ufito hupasuka mgongoni.

Kisha rudi mnazini na penseli yako, ukae hapo kwa muda wa kutosha. Utaona kwamba uti wa kuti hupanuka sana unapokutana na shina, kisha hupungua taratibu kuelekea nchani. Mguu wako nao uwe mnene panapoingia ulimi wa kiungio chini ya kikalio, upungue kadiri unavyoshuka. Nakshi ya majani, ukiitaka, ichongwe mbali na kiungio hicho.

Viti vilivyobaki usiviuze wala kuvitia gundi, bali vibadilishie miguu yote, hata ile ambayo bado haijakatika.