Saa Kumi ya Jedwali Siyo Saa Kumi Yetu: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Ndege wa Vuli

Kuanzia Agosti ndege wa pwani kutoka Siberia, Ulaya na visiwa vya Ghuba huanza kushuka kwenye matope yetu, na ikifika Oktoba barua za wanaopanga kwenda kuwatazama kwa vikundi hutujia nyingi. Safari hii zilizo nyingi zinahusu hori la Mida (Mida Creek), msitu wa Arabuko-Sokoke na mlango wa mto Sabaki, pwani ya Kenya, basi tumezijibu pamoja.

SWALI: Tulikwenda Mida Creek watu 14 kutoka Mtwapa, Jumamosi moja ya Oktoba. Jedwali lilisema maji yanajaa 10:00, nasi tukafika saa tisa alasiri ili tuwahi. Tulikuta tope tupu, na ndege kama punje za pilipili manga kule mbali. Tulikosea wapi?

JIBU: Kwenye saa. Jedwali la maji kujaa na kupwa la Kilindini, bandari ya Mombasa, ambalo wengi huku pwani hulitegemea, huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Humo 10:00 ni saa nne asubuhi; saa kumi ya alasiri ni 16:00. Mlifika maji yakimalizikia kupwa. Kosa hili hurudiwa kila mwaka na watu wazima wenye akili zao, kwa hiyo anayepanga safari aandike saa zote mbili kwenye ujumbe wa kikundi: "16:00, yaani saa kumi alasiri".

Jedwali lenyewe lina mwendo ambao mvuvi yeyote anaujua kwa kichwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: yanajaa saa nne au saa tano na kupwa alasiri. Kila siku hubadilika kwa kuchelewa kama dakika 50. Anayefuata kalenda ya Kiislamu aanze kutafuta kwenye tarehe 1 na tarehe 14 au 15, kisha athibitishe kwenye jedwali.

Tazameni na kimo, wala si saa peke yake. Bamvua zuri hufika karibu mita 3.5, maji mafu hubaki kwenye mita mbili na nusu hivi. Maji mafu huacha sehemu kubwa ya tope wazi hata yakiwa yamejaa, na ndege hana sababu ya kusogea. Bamvua linamsukuma. Anakula kwenye ukingo wa maji, ukingo unapanda, naye anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka anabakiwa na ukanda mwembamba karibu na mikoko, mlipo ninyi.

Kwa hiyo maji yakijaa 16:00, muwe mmeshakaa kimya saa saba mchana. Kipindi kitamu ni saa nane hadi saa tisa hivi. Saa ya mwisho kabla ya kujaa kabisa, wengi huwa wamesharuka kwenda kulala kwenye vichanga, yaani mafungu ya mchanga, vya juu. Ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko Kilindini, kwa hiyo msiondoke upesi mkidhani jedwali limewadanganya. Mchana huo ni wa jua kali: lita mbili za maji kwa kila mtu, na kofia. Kwa Novemba kuna zawadi ya jioni kwa wanaovumilia, kwani keremkerem wekundu wa kaskazini huja kulala mikokoni jua likizama, muda mfupi tu baada ya saa kumi na mbili.

SWALI: Nina wanafunzi 32 wa sekondari, darubini tano na nusu siku. Je, niwapeleke wote pamoja? *Mwalimu, Kilifi.*

JIBU: Mwalimu, wagawe makundi manne ya wanane. Daraja la Mida linaning'inia kwa kamba kati ya mikoko. Watu 30 wakitembea juu yake linayumba, na yule aliyetangulia kwenye kibanda cha kutazamia ndege na darubini ya miguu mitatu haoni kitu ila mtikisiko. Kundi moja liwe kibandani kwa dakika 40. La pili lisomeshwe mikoko njiani: mkandaa, msindi, mkoko wenyewe na mizizi yake. Mawili yabaki nchi kavu yakitafuta ndege wa vichakani, kisha yabadilishane.

Ndani ya kila kundi toa kazi. Mmoja anaandika, mmoja anatazama angani tu (kipanga na furukombe huwapita wote walioinamia tope), wawili wanahesabu, waliobaki wanapokezana darubini. Mwanafunzi asiye na kazi ndiye atakayepiga mluzi.

Msiwaruhusu kushuka topeni. Mguu unazama hadi gotini, kiatu kinabaki huko, na maji ya bamvua yakipanda huzunguka vichanga kwa nyuma kabla mtu hajatambua. Kwa ndege nako kuna kipimo rahisi kuliko mita: wakiacha kula na kuinua vichwa wote kwa pamoja, mmekaribia mno. Simameni na mrudi hatua chache. Wakisharuka wameshapoteza nguvu walizozipata kwa kula saa nzima.

Kiingilio cha daraja husaidia karo za watoto wa sekondari wanaoishi jirani na hori na msitu, kupitia mpango uitwao ASSETS. Waeleze wanafunzi jambo hilo mlangoni, kabla hawajalalamika.

SWALI: Ndege wadogo wa kijivu wote naona ni mmoja. Nianzie wapi?

JIBU: Usianzie kwenye rangi. Ikifika Oktoba wengi wameshavua manyoya mekundu ya kuzalia na kuvaa kijivu cha safari. Anza na mwendo, kisha mdomo, kisha miguu.

Kitwitwi ana jicho kubwa na mdomo mfupi. Anakimbia hatua tano sita, anasimama ghafla, anadonoa, anakimbia tena. Chamchanga hana kusimama: kichwa chini, mdomo unaingia na kutoka topeni kama sindano ya cherehani. Ukishawatenga hawa wawili, nusu ya kazi imekwisha.

Kwenye chamchanga tafuta mwenye mdomo mrefu unaopinda chini taratibu, na ambaye akiruka anaonyesha kiuno cheupe. Huyo ni *Calidris ferruginea*, aliyezaliwa kwenye ncha ya kaskazini ya Siberia. Mwenye mdomo uliopinda juu na miguu ya rangi ya chungwa, anayekimbia ameinama kama anayefukuza kuku, ni *Xenus cinereus*. Anafukuza kaa. Sululu ni mkubwa zaidi, mdomo mrefu uliopinda chini, mistari kichwani, na sauti yake ya filimbi nyingi za haraka utaisikia kabla hujamwona.

Vitwitwi wawili wa mchanga, mkubwa na mdogo, huwasumbua hata wazoefu. Mkubwa ana mdomo mrefu na mnene, na miguu mirefu yenye ukijani. Mdogo ana mdomo mfupi na miguu iliyoiva weusi zaidi. Wakisimama bega kwa bega utawatenga. Akiwa mmoja peke yake mbali, andika "kitwitwi wa mchanga" uendelee. Orodha yenye shaka iliyoandikwa ni bora kuliko yenye uhakika wa kubuni.

Halafu kuna mla kaa, *Dromas ardeola*, ambaye wengi huifuata Mida kwa ajili yake. Huyu hachanganyiki na mtu: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu-buluu, na mdomo mweusi mnene kama jambia butu. Hutembea kwa magenge. Huzaa kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, akichimba shimo na kutaga humo yai moja jeupe. Majahazi yalingoja upepo wa kaskazi kuja huku. Yeye hangoji, Agosti ameshaanza kufika. Tazama wenye migongo ya kijivu: hao ni watoto wa mwaka huu. Utawaona wakimfuata mzazi wakipiga mluzi wa kuombaomba hadi apewe kaa, ingawa wameshavuka bahari kwa mbawa zao.

SWALI: Nilinunua darubini ya 10x25 kwa kuwa ni ndogo na inavuta zaidi. Inanipa kichwa kuuma, na asubuhi vioo vinaingia ukungu.

JIBU: Namba ya kwanza ni mara ngapi inavuta, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ikivuta mara 10 na kioo ni cha 25, mkono ukitetemeka picha inatetemeka mara 10, na mwanga unaoingia ni kidogo. Kwa msitu na hori, 8x42 ndiyo ya kuanzia.

Kichwa kuuma mara nyingi ni marekebisho. Kwanza panua au bana mpaka uone duara moja. Ziba kioo cha mbele cha upande wa kulia, elekeza kwenye kitu chenye ncha kama tawi kavu, uzungushe gurudumu la kati hadi jicho la kushoto lione vizuri. Sasa ziba cha kushoto, na bila kugusa gurudumu, zungusha pete iliyo kwenye jicho la kulia. Kumbuka alama ya pete hiyo, watoto wataichezea. Mwenye miwani ashushe vikombe vya macho. Ukiendelea kuona vitu viwili viwili, vioo vya ndani vimehama kwa kuanguka, na hapo ni fundi.

Ukungu hutokana na kuitoa kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi na kuingia kwenye unyevu wa pwani. Ilaze nje ya kiyoyozi, au itoe nusu saa mapema. Nyumbani iweke kwenye kopo la plastiki linaloziba pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, la sivyo kuvu itaota ndani ya kioo. Chumvi usiisugue kavu: pangusa kwanza kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi yasiyo na chumvi.

Na ukiazima darubini ya miguu mitatu, mchana usiivute hadi 60. Joto la tope hufanya hewa ichemke na utaona maji yanayocheza. Baki kwenye 20 au 30.

SWALI: Tunataka kumwona yule bundi mdogo wa Sokoke. Simu yenye sauti yake inatosha?

JIBU: Simu iacheni mfukoni. Bundi akisikia sauti hiyo hudhani mwingine kavamia eneo lake. Anaacha kuwinda au kiota na kujiweka wazi. Vikundi vitatu kwa wiki vikifanya hivyo, atahama. Mchukueni mwongozaji wa Gede, jirani na msitu. Bundi huyo, *Otus ireneae*, ana urefu wa sentimita 16 au 17 tu, wa kijivu au wa hudhurungi, na mchana hulala kwenye vichaka vya udongo mwekundu, chini kabisa, mara nyingine usawa wa kifua cha mtu. Waongozaji wanajua vichaka hivyo. Ingieni watu wanne kwa zamu, dakika mbili, picha bila mwanga.

Msituni ingieni saa kumi na mbili asubuhi, kwani baada ya saa tatu sauti hupungua. Kundi mchanganyiko la ndege likipita, simameni palepale. Suruali ndani ya soksi kwa ajili ya siafu baada ya mvua, na mjihadhari na upupu uliokauka njiani.

SWALI: Novemba tutakuta nini Sabaki?

JIBU: Heroe, membe na shakwe wengi. Wale ndege wanaotoka Madagaska katikati ya mwaka huwa wameshaondoka. Mlangoni kuna viboko na mamba, kwa hiyo msitembee bila mwenyeji.

SWALI: Niko Nairobi na sina kikundi.

JIBU: Watazamaji ndege wa shirika la Nature Kenya hutembea kila Jumatano asubuhi kutoka Makumbusho ya Taifa. Jiunge nao.

SWALI: Tuhesabuje kundi la mamia, na hesabu tuipeleke wapi?

JIBU: Hesabu kumi kwa uhakika, ukariri ukubwa wa "kumi" hiyo kwa jicho, kisha pima kundi zima kwa kipande hicho. Watu wawili wahesabu bila kusikilizana. Wakitofautiana sana, wote warudie. Msihesabu likiwa limeruka kama mnaweza kungoja litue.

Kwa Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, tumieni programu ya simu ya BirdLasser. Ramani yake imegawanywa miraba ya takribani kilomita 9 kwa 9, na orodha kamili inadai angalau saa mbili za kutafuta ndani ya mraba mmoja. Hakikisheni mmefungua kadi mpya, yaani orodha ya mraba mpya, mnapotoka Mida kwenda Sabaki, maana huo ni mraba mwingine, na heroe walioandikwa kimakosa kwenye mraba wa msitu humpa mhakiki kazi ya bure.